Mwanya wa Mwenyewe

Warda aliuona unyayo asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka kwenye mpunga, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutazama nyuma kama kuna mtu mwingine aliyeuona. Hakukuwa na mtu upande huo. Unyayo ulikuwa umedidimia kwenye tope pembeni mwa jaruba lake, mpana kama sahani ya wali wa watu wawili, vidole vinne vimechanua mbele na maji yamejaa ndani. Maji yenyewe yalikuwa bado yamevurugika. Aliyekanyaga hapo hakuwa ameondoka zamani.

Alitaka kupiga kelele, akazimeza. Badala yake alivua kandambili, akaufuta unyayo kwa kisigino, akasawazisha tope kwa kiganja, kisha akatupia majani makavu juu yake. Alipomaliza, juu ya hofu aliona na haya, maana alijua vizuri anaficha nini.

Kijijini mnyama huyo huitwa kiboko, kama anavyoitwa kwingine, na watoto humcheka kwa kitambi chake. Ukifika ziwani jina hilo unaliacha njiani. Pale huitwa Mwenyewe, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa ziwa ni lake na watu wote pale ni wageni wake. Watalii wanaokuja Mafia kuogelea na papa potwe hawana habari naye, na heri yao. Papa potwe hana neno na mtu.

Zamani hakuna aliyelima karibu na Mwenyewe. Mpunga ulipandwa huko juu, nyuma ya nyumba za kijiji cha Baleni, ukangoja masika, na masika yakaja kama yalivyozoea kuja. Kisha mvua zikaanza vituko. Mwaka huu zinachelewa hadi watu wamesahau walichopanda, mwaka ujao zinamwagika zote kwa pamoja na kuzoa mbegu. Muhogo nao, uliokuwa tegemeo pale mvua zinapokorofisha, ukaanza kuchimbwa umeoza ndani. Ziwa likapungua, likaacha ukingo mpana wa tope jeusi lenye rutuba, na watu wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye njaa angefanya. Waliteremka na majembe.

Lakini hawakuteremka kama wezi. Kabla ya jembe la kwanza walikubaliana kuacha mwanya, ukanda mtupu wenye upana wa watu wawili walionyoosha mikono, kutoka majini hadi kwenye nyasi za juu anakokwenda kula Mwenyewe giza likiingia, na anakotoka kabla jua halijachomoza. Kila mwaka, kabla ya kupanda, wakulima wote huutembea mwanya huo peku, kimya, ili miguu ya kila mmoja iujue. Asiyeutembea hapandi. Wao waliuheshimu na Mwenyewe akawaheshimu. Miaka yote hiyo hakukanyaga hata shina moja la mpunga wa mtu.

Mwaka huu Warda aliutembea kama wenzake. Kisha akaupanda.

Kumlaumu ni rahisi ukiwa umeshiba. Obed, bwana shamba, kijana wa bara mwenye pikipiki na heshima zake, alikuwa ameleta mbegu mpya inayokomaa haraka. Warda akaisia kwenye kitalu, miche ikatoka mizuri hadi majirani wakaja kuitazama. Mvua zikakatika wiki ileile ya kuihamishia shambani, na nusu ya juu ya jaruba lake ikakauka, ikapasuka. Miche ilikuwa inageuka njano mbele ya macho yake. Shaabani, mumewe, hakuwapo. Tangu hifadhi ya bahari ilipopiga marufuku nyavu za kokoro, alikuwa akishinda dago, kambini na wavuvi wenzake kisiwani Bwejuu, akivua kwa mshipi, na alichokuwa akileta nyumbani kilikuwa cha kitoweo tu. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu na mama mkwe. Na pale ubavuni mwa jaruba lake mwanya ulikuwa umelala bure, una unyevu, umerutubishwa na kinyesi cha miaka nenda miaka rudi. Mwenyewe hakuwa ameonekana tangu mwaka juzi. Watu walishaanza kusema kafa, au kahamia ziwa jingine.

Basi aliipanda miche katikati ya mwanya. Midomo miwili, wa majini na wa nyasini, akaiacha wazi, ili apitaye juu aone njia ipo, na apitaye chini aone njia ipo. Upande wa pili kulikuwa na matete marefu, hakuna jirani wa kuchungulia. Obed alipokuja kukagua aliuliza mbona mistari ya upande ule imeongezeka.

"Palikuwa na kisiki cha mkoche," Warda alimjibu. "Tumeking'oa."

Obed akampongeza kwa bidii yake. Uongo ule ulimkaa Warda kooni siku nzima kama mwiba wa samaki.

Mpunga wa mwanyani ulistawi kuliko wote. Sasa ulikuwa umebeba, punje zina maziwa, bado kidogo tu zikomae. Ukiutoa huo, kilichobaki kwenye jaruba hakikutosha kuwafikisha watoto hadi msimu mwingine, na Warda alikuwa ameshakipigia hesabu kichwani mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Na hofu yake haikuwa ya mpunga tu. Ilikuwa ya Bi Mwanaharusi, mama mkwe wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Kila asubuhi bibi huyo alitangulia ziwani na kigoda chake cha miguu mitatu na kopo la kokoto, akakaa kwenye mdomo wa mwanya upande wa majini, akawatukana ndege waliotaka kutua kwenye mpunga hadi jua lipande. Matusi yake yalijulikana ziwa zima. Ndege walikuwa wamemzoea, lakini angalau walikula kwa wasiwasi. Tatizo lilikuwa masikio. Ng'ombe angeweza kumpigia chafya mgongoni na Bi Mwanaharusi asigeuke.

Asubuhi ile ya unyayo Warda alimkuta ameshakaa, pindo la kanga limelowa tope.

"Shikamoo, mama."

"Eeh?"

"Shikamoo!" Warda alipaza sauti.

"Marahaba. Kelele za nini? Kuna aliyekufa?"

Warda alichuchumaa karibu naye. "Kesho kaa nyumbani, mama. Nitaamia mimi."

"Nikae nyumbani nifanye nini? Niwaamkie kuku?"

"Hapa si salama."

"Hapa si nini?"

Warda alitazama huku na huku. Majaruba yote yalikuwa na watu. Ussi, rafiki wa Shaabani, alikuwa anapalilia hapo karibu tu, na kando ya maji sauti hufika mbali. Hapo ndipo Warda alipoona jinsi alivyojinasa. Siri yake haikuwa ya kunong'onwa. Kumwambia Bi Mwanaharusi ni kuiambia Baleni nzima, na wakijua wangeufyeka mpunga ule mchana huohuo, na wangekuwa na haki. Huenda wasimpe tena jaruba ziwani. Alifungua mdomo, akamwona akilini mwanawe mdogo anavyolamba sufuria.

"Hapa pana mbu!" akasema kwa sauti.

"Mbu!" Bi Mwanaharusi akacheka hadi akakohoa. "Mbu wa hapa wananijua tangu sijaolewa. Nenda kapalilie."

Siku zilizofuata Warda hakuona unyayo mwingine, na hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Kwa sababu dalili nyingine zilikuwapo. Mashina ya mpunga yanayopakana na matete yalikuwa yamelazwa upande mmoja. Majani ya matete yalikuwa yamerushiwa kinyesi kibichi hadi usawa wa kifua chake. Harufu ilikuwapo, nzito, ya maji yaliyolala. Lakini kwenye tope, pale ambapo mzigo wa namna ile ulipaswa kuacha mashimo, palikuwa laini kabisa. Warda si mtu wa kuamini kila kisemwacho, ila alianza kukumbuka maneno ya wazee kwamba si kila kinachotoka ziwani hukanyaga chini. Usiku alilala macho wazi. Kila alipomwona Bi Mwanaharusi amekaa pale, mgongo kayapa matete, aliacha kupalilia akayakodolea matete macho kwa niaba yake.

Ndipo alipofanya kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Darini, juu ya mbao, Shaabani alikuwa ameficha kipande cha kokoro lake la zamani, hakutaka askari wa hifadhi walione, wala yeye mwenyewe hakuweza kulitupa. Warda alilishusha. Jioni, watu walipokwenda kuswali magharibi, alilitandaza ukingoni mwa mpunga uliokuwa mwanyani, upande wa nyasini, akalifunga kwenye vigingi, akaning'iniza makopo yenye kokoto. Kichwani mwake aliona mnyama akigusa wavu, makopo yakilia, mnyama akikimbia asirudi tena. Hakufikiria kwamba giza likishaingia Mwenyewe angetoka majini kwa kupenya kwenye matete, kisha akarudi kwa njia anayoijua, akakuta imefungwa kati yake na maji. Mtu aliyeoana na mvuvi huona wavu ni dawa ya kila kitu.

Asubuhi iliyofuata alitoka kisimani na ndoo kichwani, akamkuta binti yake mkubwa anakoka moto.

"Bibi yuko wapi?"

"Kashatoka. Kasema leo ndege wamewahi."

Nje kulikuwa bado hakujapambazuka sawasawa. Ndege gani hao wa gizani? Warda aliitua ndoo, akachukua mundu bila kujua ni wa nini, akakimbia.

Alichosikia kwanza ni makopo. Hayakulia kwa fujo kama alivyotarajia. Yaligonga, yakanyamaza, yakagonga tena, kama kuna mtu anayeyajaribu. Warda alisimama kwenye tuta la jaruba lake, akaona mgongo juu ya mpunga, mweusi, unang'aa kwa umande, mkubwa kiasi kwamba kwanza macho yalikataa. Mwenyewe alikuwa anarudi nyumbani na wavu umemziba uso. Aliuvuta, akauachia. Kisha alipumua, na pumzi ile Warda aliihisi kwenye nyayo zake kabla haijamfika masikioni.

Ng'ambo ya wavu na mpunga, mbele ya maji, alikuwa Bi Mwanaharusi. Kigoda kilikuwa pembeni. Yeye alikuwa amepiga magoti, mgongo kampa mnyama, anapapasa tope kama mtu aliyedondosha pete.

Warda aliudondosha mundu, akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Akipiga kelele, bibi hatasikia. Atakayesikia ni Mwenyewe peke yake. Aliinama, akaanza kutambaa kando ya tuta kuelekea majini, mpunga ukimkwaruza uso, na kila makopo yalipogonga alisimama, na yaliponyamaza alisimama pia, kwa sababu kimya kilikuwa kibaya zaidi. Aliomba dua zote alizozijua, akazichanganya, akaanza upya. Alisikia kigingi kinang'oka. Hakugeuka. Alisikia cha pili. Aliinuka, akaruka, akamkumbatia Bi Mwanaharusi kiunoni na kumvuta upande.

Bi Mwanaharusi aliachia tusi ambalo hata ndege walikuwa hawajawahi kulipata, akampiga mkwewe kopo la kichwa. Wakaanguka wote wawili kwenye tope. Na hapohapo mwanya ulifunguka. Mpunga ulilala, wavu ukapasuka kwa sauti kama ya shuka kuukuu, na kitu kikubwa, kizito, chenye harufu ya ziwa lote, kikapita karibu nao kiasi kwamba matope yaliwafunika macho. Ardhi ilitikisika chini ya matumbo yao. Maji yakapasuka, kisha yakafunga.

Warda alijifuta uso. Kwenye ziwa makopo yalikuwa yanaelea kwa mstari, yamefungwa bado kwenye kamba ya wavu, na mstari ule ulikuwa unatembea. Ulikwenda hadi katikati, ukasimama. Ukageuka. Ukaanza kurudi ukingoni, polepole, kopo moja nyuma ya jingine, na Warda alimkumbatia mama mkwe wake akijua kwamba hana nguvu ya kuinuka tena. Kisha kamba ikalegea. Makopo yakatawanyika juu ya maji, kila moja likaelea peke yake.

Watu walikuwa wanafika sasa, Ussi mbele na wengine nyuma yake, wamesimama kwenye matuta na majembe mikononi.

"Nini?" Bi Mwanaharusi aliuliza, akitazama kigoda chake kilichopasuka mguu mmoja. "Warda, ni nini?"

"Ni mimi, mama."

"Eeh?"

Warda aliwatazama wale watu. Alimtazama bibi mwenye tope hadi kwenye nyusi, mkono wake mkavu bado umelishika kopo. Akavuta pumzi.

"Nimepanda kwenye mwanya!" alipiga kelele. Sauti ilikwenda hadi ng'ambo ya ziwa na kurudi. "Nimepanda njia ya Mwenyewe! Nikaona unyayo nikaufuta! Nikamtegea wavu! Ni mimi!"

Bi Mwanaharusi aliliweka kopo chini.

"Unyayo mmoja?" aliuliza.

"Mmoja, mama!"

"Mimi nimefuta kila asubuhi." Alisema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo viziwi wote, na ziwa zima likasikia. "Tangu mpunga ulipoanza kubeba. Naja mapema nafuta, watu wasije wakaukata. Nilijua umepanda, nina masikio mabovu, si macho. Nikasema watoto wapate kula kwanza. Leo nimeona nyayo za kutoka tu, za kurudi hazikuwapo."

Kila asubuhi. Warda alikuwa ameogopa mnyama asiyekanyaga chini, kumbe alikuwa amekanyaga kila siku, na bibi huyu asiyesikia alikuwa amepiga magoti ndani ya nyayo zake, gizani, na mgongo wazi.

Ussi ndiye aliyepata sauti kwanza. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. "Shemeji," alisema, "mke wangu analala kwenye dungu pale, kulinda mpunga. Na mtoto mchanga." Alionyesha kile kibanda cha miti kilichokuwa jaruba la pili kutoka pale. "Ungeniambia tu. Ningewatoa."

Warda alienda kuchukua mundu wake pale alipoudondosha, akaingia mwanyani, akaanza kukata mpunga uliosalia. Alikata mbichi, maziwa ya punje yakimchirizika vidoleni, analia bila kujificha. Baada ya muda alisikia mundu mwingine nyuma yake, na mwingine. Wanawake walikusanya mashuke kwenye kanga zao. Kufikia adhuhuri mwanya ulikuwa wazi kutoka majini hadi nyasini, na nyumbani kwa Warda vinu vilikuwa vinatwanga pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kupondwa. Kwa kawaida pepeta ni chakula cha furaha, cha kuonja msimu. Siku hiyo watoto peke yao ndio walioifurahia. Warda alitia kijiko kimoja mdomoni, akawasogezea watoto sahani. Ilikuwa chakula cha miezi, na kingeisha kwa siku chache. Kuhusu jaruba lake, Ussi alisema watakaa walijadili Shaabani akirudi kutoka dago, na hakumtazama usoni aliposema hivyo.

Kesho yake Warda na Bi Mwanaharusi walikwenda ziwani jua likiwa limeshatoka. Bibi alibeba kigoda chake, mguu uliopasuka umefungwa kamba. Mpunga wa jaruba, ule mdogo uliobaki, ulikuwa umesimama.

Nyayo zilikuwapo. Safari hii hakuna aliyezifuta. Zilipita katikati ya mwanya, zimenyooka, hazikugusa hata shina upande wowote, kutoka majini hadi nyasini na kutoka nyasini hadi majini. Kwenye mdomo wa majini palikuwa bado na vishimo vitatu vya miguu ya kigoda, vilivyochimbika kwa kukaliwa asubuhi nyingi. Unyayo mmoja ulikuwa umekanyaga juu ya vishimo hivyo, ukafukia viwili na kubakiza kimoja.

Bi Mwanaharusi alipatazama pale. Alikuwa ameshanyanyua kigoda kukiweka, kama mazoea, na mkono ukabaki hewani. Warda aliona mashavu yake yanavyoporomoka, akaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyozeeka.

"Nishike mkono," bibi alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo kabisa.

Warda alimshika. Walirudi nyuma pamoja, hatua kwa hatua, bila kuyapa maji mgongo, hadi walipofika kwenye tuta. Nyuma yao ndege walishuka kwenye mpunga, kundi zima, wakaanza kula, na hakuna aliyewatukana.